Mgeni Asipande Mti wa Kudumu

Sista wa zahanati ya misheni aliingia dukani vumbi la barabara ya Matombo likiwa bado kwenye kitambaa chake cha kichwa, akafungua daftari na kunisomea maneno aliyoyanakili kutoka kwenye kompyuta ya zahanati. "Programu hii haijasajiliwa. Muda wa majaribio umekwisha. Piga namba ifuatayo." Kisha akaanza kusoma namba, tarakimu moja moja, kama anavyosoma kipimo cha dawa. Sikuhitaji aimalize. Ilikuwa namba ya ofisini kwa mdogo wangu wa kiume.

"Nimepiga mara nne," alisema. "Anapokea binti mwenye sauti nzuri sana, ananiambia nisubiri. Nasubiri mpaka salio linakwisha."

"Nani aliiweka hiyo programu, Sista?"

"Si ndugu yako? Alipanda na gari baada ya Pasaka. Alisema umemtuma aje kuiboresha. Tukampikia wali na kuku."

Mimi sikuwa nimemtuma. Sista alisoma hilo usoni mwangu, akafunga daftari polepole. Kliniki ya watoto ilikuwa keshokutwa, na orodha ya watoto wote wa vijiji vya pale juu, nani anadaiwa chanjo gani, ilikuwa ndani ya mashine ile iliyojifunga.

Inanibidi nieleze orodha ile ilitoka wapi.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Baba alipunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa, akaugua, akafariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tulibaki watatu katika chumba kimoja cha kupanga Mafiga, hapa mjini: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la tano, na wa mwisho, wa kike, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mjomba aliteremka kutoka mlimani kutuchukua. Alikuwa na nia njema, ila mpango wake ulikuwa kila mtoto aende nyumba yake. Nilimwambia watoto hawa hawagawanywi. Wiki iliyofuata nilianza kazi kwenye duka la stationery karibu na soko, nikichapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilifunguliwa kwa biashara. Kompyuta zilizotumika Ulaya zilikuja kwa makontena kama nguo za mitumba, na mwenye duka akanunua mbili. Moja haikuwaka. Mimi ndiye niliyeifungua, kwa sababu hakukuwa na mwingine na wateja walikuwa wanasubiri. Baadaye mwalimu mmoja wa kujitolea, mzungu, alipokuwa anarudi kwao alituachia boksi lenye CD na kitabu kinene cha kufundisha kuandika programu. Mwenye duka alitaka kukitumia kuzuia mlango. Nilimwomba.

Kwenye CD moja kulikuwa na maneno ya leseni, marefu, kwa Kiingereza. Niliyasoma kwa kamusi muda wa siku kadhaa, mchana wateja wakipungua. Yalisema kwamba yeyote anaruhusiwa kuitumia programu ile, kuifungua aone ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumpa mwenzake, ili mradi naye asimfungie mtu mwingine. Nakumbuka niliinua kichwa nikatazama mlima. Mtu ambaye sitamwona maishani alikuwa ameandika sheria ya mashamba ya kwetu.

Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba ni la ukoo, haliuzwi. Mtu wa nje akiwa na shida anaazimwa kipande, analima mahindi, maharage, kabichi, anavuna na kula na watoto wake. Kitu kimoja tu haruhusiwi: asipande mti wa kudumu. Asipande mwembe wala mdalasini, kwa sababu mti unakaa, na mwenye mti baada ya miaka atasema na ardhi ni yake. Kila mtoto wa mlimani anaijua sheria hii kabla hajajua kusoma.

Sista alikuwa mteja wetu. Kila mwezi alileta orodha ya watoto wa kliniki nimchapie, na kila mwezi nilichapa upya majina yaleyale, wachache wakitoka na wachache wakiingia. Hapo ndipo nilipoanza kuandika programu. Ilinichukua kutoka masika moja mpaka masika nyingine. Ukiiingizia jina la mtoto, kijiji, siku aliyozaliwa na chanjo alizopata, inakutolea orodha ya kliniki inayofuata. Vijiji haikuvipanga kwa herufi, ilivipanga kwa njia anayopita muuguzi kwa miguu na sanduku la barafu, kutoka misheni kupanda, kuzunguka mgongo wa mlima na kushuka upande wa pili. Mdogo wangu alikuwa ameshaingia chuo kikuu kusomea kompyuta. Kila likizo alikaa pembeni yangu dukani, akaandika sehemu ya kuchapisha na kurasa za kuingizia majina, akanirekebisha pale nilipozunguka sana. Alinifundisha mengi, siwezi kumnyima hilo. Tulicheka sana wakati ule.

Programu ilipokamilika niliandika juu ya kila faili maneno haya: "Hili ni shamba la watoto wa mama yetu. Yeyote anaruhusiwa kulilima: atumie, afungue, arekebishe, ampe jirani. Mgeni asipande mti wa kudumu, yaani asiifungie wala asiifanye kuwa yake peke yake." Mdogo wangu alisoma akasema, "Dada, hii ni leseni ya kwanza duniani yenye mdalasini." Mdalasini sikuwa nimeutaja. Aliuona mwenyewe.

Tuliigawa kwa disketi. Sista alimpa mwenzake, mwenzake akampa mwingine, mpaka ikafika kituo kimoja upande wa Kingolwira, ambako tabibu wa pale aligundua kosa kwenye hesabu ya miezi, akalirekebisha mwenyewe na kunirudishia disketi kwa kondakta wa basi. Niliionyesha ile disketi kwa kila aliyeingia dukani siku ile, hata waliokuja kutoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa.

Basi, siku ile Sista alipokuja na daftari lake, nilifunga meza yangu nikapanda naye Matombo. Nilibeba disketi za programu yetu ya zamani nikijua nitaiweka upya na kazi itaendelea. Haikuwa hivyo. Programu aliyoiweka mdogo wangu ilikuwa imeyachukua majina yote na kuyahifadhi kwa namna yake, na ya zamani haikuweza kuyasoma. Nilijaribu mpaka jenereta ya misheni ilipozimwa kwa ajili ya sala ya jioni. Kila nilichofungua kilinipa alama zisizosomeka.

Sista alisimama nyuma yangu, kisha akatoka na kurudi amekumbatia madaftari matatu makubwa. Alikuwa na aibu kidogo.

"Niliendelea kuandika kwa mkono," alisema. "Sikutaka ujue. Ungedhani siiamini mashine yako."

"Sista, Mungu akubariki."

"Mashine yako naiamini. Ni umeme nisiouamini."

Kesho yake, kutwa nzima, alinisomea na mimi nikachapa: jina la mtoto, jina la mama, kijiji, siku, chanjo. Vidole viliniuma mpaka kwenye viwiko. Kliniki ilifanyika siku yake, akina mama walipanga foleni na watoto wao mgongoni, na hakuna aliyejua kilichotokea. Nilikaa kwenye baraza la zahanati nikawatazama. Hasira haikuwa imenifika bado. Nilikuwa natafuta sababu nzuri ambayo mdogo wangu angekuwa nayo.

Alikuja Mafiga Jumamosi iliyofuata na gari la ofisi, kwa sababu nilimpigia nikamwambia aje. Alileta mkate na siagi. Nilimwekea chai.

"Dada, umekasirika."

"Nasikia nilikutuma Matombo. Nataka kujua nilikutuma nini."

Alicheka kidogo, akaacha. Kisha akaeleza. Kampuni aliyoajiriwa Dar ilikuwa inatafuta programu ya kuuzia zahanati na hospitali. Aliwaonyesha ya kwetu, wakaipenda. Waliibadilisha rangi, wakaiongezea picha, wakaiwekea ufunguo, ili asiyesajiliwa isimfungukie. Matombo ilikuwa mahali pa majaribio.

"Vitu vya bure watu hawavithamini siku hizi, dada. Zamani tulipewa kila kitu, tukaharibu kila kitu. Sasa ni soko. Mtu akinunua ndiyo anatunza."

"Tabibu wa Kingolwira hakununua. Alirekebisha."

"Mmoja."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. Alikuwa ameleta kompyuta ya mkononi, nikamwambia aiwashe, anionyeshe. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nilibonyeza mahali palipoandikwa waliotengeneza. Kulikuwa na jina la kampuni, na chini yake jina la mdogo wangu.

"Mimi nipo wapi?"

"Ofisini walisema ni bora awekwe mtu mwenye cheti. Wateja wanaangalia hayo mambo. Si mimi niliyesema."

Cheti hicho nilikuwepo kilipotolewa. Nilikaa viti vya nyuma na chupa yake ya maji, na wakati wanapiga makofi nilishindwa kupiga kwa sababu ya ile chupa.

"Leseni inakataza," nilisema.

Hapo akatoa karatasi. Alikuwa ameyachapa maneno yangu yote na kuyapigia mstari. Inaelekea alijua tutafika hapo, au mwanasheria wa kampuni alimwandaa. Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu anayemweleza mgonjwa.

"Soma mwenyewe, dada. Shamba ni la watoto wa mama yetu. Mimi ni mtoto wa nani? Umekataza mgeni asipande mti. Mimi ni mgeni?"

Nilisoma. Nilisoma tena. Ilikuwa kweli. Niliandika kama tunavyoandika mioyoni mwetu kule mlimani, ambako hofu yote ni ya mtu wa nje. Mtoto wa ukoo akipanda mdalasini kwenye shamba la ukoo hakuna anayemuuliza, kwa sababu haingii akilini kwamba atauzungushia uzio na kuwafukuza wenzake. Yule aliyeandika ile leseni ya Kiingereza hakuweka neno mgeni. Alisema yeyote. Mimi nilikuwa nimeona amesahau kitu, nikamsaidia.

"Na mdogo wetu amekubali kampuni iichukue," aliongeza akikunja karatasi. "Amesaini."

Wa mwisho wetu alikuwa chuo cha uuguzi wakati huo. Nilikuwa nimeongea naye siku mbili tu nyuma, akaniuliza habari za mvua.

Nilimpeleka mdogo wangu wa kiume kwa mjomba, yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu na mambo ya shamba la mama ni yake. Watu wa mjini watacheka. Lakini mimi nilikuwa nimeliita shamba, na sikujua mahakama gani ingenisikiliza. Mdogo wangu alikubali kwenda, jambo ambalo lilinishangaza mpaka nilipoona jinsi alivyokaa kwa raha. Tuliketi sebuleni kwa mjomba, shangazi akituletea ndizi za kuchemsha, na nikaeleza tangu mwanzo.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. "Hiyo programu sasa iko wapi?"

"Anayo yeye, mjomba."

"Na wewe?"

"Na mimi ninayo."

"Ileile?"

"Ileile. Ya kwake ameibadilisha."

"Alipoichukua, ya kwako ilipungua?"

"Haikupungua."

Mjomba alimgeukia shangazi. "Wamenipandishia kesi ya mtu aliyeiba ng'ombe na ng'ombe yumo zizini."

Mdogo wangu alicheka, na shangazi akacheka. Nikasema, "Mjomba, zahanati ya misheni ilifungiwa orodha ya watoto. Ng'ombe yupo zizini, maziwa yake mtu ameyatia kufuli." Hapo hakucheka mtu. Mjomba akauliza kama watoto walikosa chanjo, nikamwambia hapana, Sista alikuwa na madaftari. Alimkaripia mdogo wangu kwa hilo, kwa Kiluguru, kwa maneno makali, na mdogo wangu aliinamisha kichwa na kusema ilikuwa makosa ya majaribio, haitarudiwa. Lakini kuhusu shauri lenyewe mjomba alisema asingeweza kumsaidia yeyote. "Nyote ni watoto wa dada yangu. Siwezi kumwita mmoja wenu mgeni, nikimwita hivyo nitakuwa nimemvua ukoo. Kila mmoja alime upande wake."

Tuliteremka kwa gari moja mpaka mjini. Sikuwa na namna nyingine ya kurudi.

Nikaanza kulima upande wangu. Kwanza nilitoa kwenye programu kila mstari alioandika yeye, ili kesho asije na karatasi nyingine. Kumbe alikuwa ameandika mingi kuliko nilivyokumbuka. Sehemu ya kuchapisha niliiandika upya, na ilikuwa mbaya, taratibu, ikikata majina marefu. Nilipokuwa nafuta mistari yake nilikutana na maelezo madogo aliyoniachia likizo zile, "dada, hapa usiguse", "dada, hapa nimekusaidia, usinishukuru." Nilifuta na hayo.

Kisha nikafika juu ya faili, kwenye maneno ya leseni. Nilitoa watoto wa mama yetu. Nikaandika kwamba haki ni yangu mimi niliyeiandika, na ya kila atakayeongeza, kwa alichoongeza. Na kwamba mtu yeyote, awe mgeni au ndugu, akiichukua hata sehemu yake na kuigawa, lazima naye aache yote wazi. Ilinichukua siku nzima kuandika neno ndugu pale. Niliandika nikafuta, nikahudumia wateja, nikarudi.

Wengine walinifuata, wengine hawakunifuata. Programu ya kampuni ilikuja na mafunzo ya siku mbili na fulana. Tabibu wa Kingolwira alikuja mwenyewe dukani kuniaga, akasema wakubwa wake wameagiza watumie ile, na kwamba ile haifunguki, kwa hiyo hata akiona kosa hana la kufanya. Alisema hivyo kama mtu aliyekatwa mkono. Sista alibaki kwangu, na zahanati mbili tatu za mlimani ambako gari la kampuni halikupata njia.

Mwaka wa pili mdogo wangu alinipigia simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Aliuliza afya, duka, mvua. Kisha akasema kuna jambo. Kule wilaya za bondeni walikouza, watoto walikuwa wanapotea kwenye orodha. Mama akichelewa kliniki moja tu, mtoto hatokei tena. Walikuwa wametafuta kosa kwa wiki kadhaa.

"Kulikuwa na mistari chini ya hesabu ya tarehe," nilisema. "Mmeiondoa?"

"Ilionekana kama haina kazi. Inarudia hesabu mara mbili."

"Inarudia kwa sababu wakati wa palizi akina mama wanahamia mashamba ya mbali na watoto, wanarudi mwezi umepita. Ukihesabu toka siku ya kuzaliwa peke yake, programu inadhani mtoto ameshavuka. Inabidi uhesabu tena toka chanjo ya mwisho aliyopata kweli. Sista ndiye aliyenifundisha."

"Nakala ya zamani sinayo, dada."

Nilikuwa nayo mbele yangu, ndani ya ile mpya. Nilimsomea mstari kwa mstari, na nikasikia vidole vyake vikichapa upande wa pili. Nilipomaliza nilisema, "Masharti unayajua. Hii imetoka kwenye yangu ya sasa. Ukiitia kwenye ya kwenu, lazima ya kwenu yote muifungue."

"Dada, hawa ni watoto."

"Ndiyo maana nimekusomea kwanza."

Alisema atawauliza ofisini, atanipigia. Nilimwambia aulize, nipo.

Hakunipigia. Miezi kadhaa baadaye muuguzi mmoja wa bondeni, ambaye simjui, aliingia dukani kutoa fotokopi ya orodha yake ya kliniki. Nilipoiweka kwenye mashine nilitambua rangi na picha za kampuni. Nikaisoma, ingawa si kazi yangu kusoma karatasi za wateja. Wachelewaji walikuwemo, kila mmoja na tarehe iliyohesabiwa toka chanjo yake ya mwisho. Nilimtolea kopi zake. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na jina la kampuni, na chini yake maneno kwamba ni marufuku kunakili au kubadilisha programu hii kwa namna yoyote.

Muuguzi aliniuliza kama kuna tatizo, maana nilikuwa nimeishikilia karatasi.

"Hakuna," nilisema. "Orodha yako iko sawa. Huyu mtoto wa mstari wa sita, hakikisha anapatikana, amechelewa sana."